Kamba ya Shukrani

Gari la kaka mkubwa lilikuwa na honi yake peke yake, nyembamba, ya kulia mara mbili na kukatika, na watu wa nyumba ya uani waliijua kuliko walivyojua sauti zao wenyewe. Ikilia tu, kila mtu alikuwa na kazi yake. Mke wa fundi alichomoa pasi ukutani, hata kama shati lilikuwa limenyooka mkono mmoja tu. Binti yao, ambaye kwa kuwa ndiye kitinda mimba kila mtu alimwita Kitinda, alizima redio na taa ya sebuleni. Fundi mwenyewe alilitupia turubai kochi alilokuwa akilivisha kitambaa, maana kaka yake alikwisha kusema kwamba uani si karakana. Bibi, mama aliyewazaa hao ndugu wawili, alikaa wima kitini na kujifunga upya kitambaa cha kichwa.

Na mbwa alishikwa. Hiyo ilikuwa kazi ya yeyote aliyekuwa karibu naye, na yeyote huyo aliikaza kamba kupita kiasi, akamwinamia mbwa sikioni na kumnong'oneza, "Tulia. Tulia, usituaibishe," kwa sauti ya mtu ambaye yeye mwenyewe hajatulia.

Mgeni njoo mwenyeji apone, walisema wahenga. Hawakusema ifanyike nini mgeni akiwa ndiye mwenye nyumba. Tangu banda la fundi la kushonea makochi livunjwe kupisha barabara, yeye na watu wake walikaa kwenye vyumba hivyo vya uani bila kodi, kwa hisani ya kaka yake, muuza saruji na mabati. Vyumba vilikuwa vya kaka, tangi la maji la kaka, hata mbwa alikuwa wa kaka. Alimleta akiwa mdogo wa kubebwa kwenye kofia, na Bibi, kwa kutaka kumfurahisha mwanawe, akampa jina papo hapo. Alimwita Shukrani.

Jumapili hiyo kaka mkubwa aliingia na mfuko wa sukari na sabuni, akacheka toka mlangoni kama alivyocheka siku zote. Ni mtu aliyependa kucheka. Alifungua bomba la uani akalifunga, akaangalia kama linavuja. Aliingia sebuleni, akainua mkono na kuigusa balbu kwa vidole viwili.

"Bado ina moto," alisema. "Mnawasha taa mchana, mnatafuta nini, sindano?"

Walicheka wote. Aliponyamaza, walinyamaza.

"Karibu kiti, shemeji," mke wa fundi alisema. "Karibu sana. Hapa ni kwako."

"Najua ni kwangu," kaka mkubwa alisema, akacheka tena, na safari hii waliomfuata walikuwa wawili tu.

Nje, Kitinda alikuwa amemshika Shukrani kwa mikono miwili. Kaka mkubwa alitoka kumsalimia, kama alivyojaribu kila alipokuja. Alichutama, akanyoosha mkono. "Wee Shukrani. Si mimi niliyekuleta hapa? Njoo." Nywele za mgongo wa mbwa zilisimama toka shingoni hadi mkiani. Akaunguruma, kwa chini kabisa, kisha meno yake yakagongana hewani pale vidole vilipokuwa.

Kaka mkubwa aliurudisha mkono wake mfukoni. "Shukrani ya punda ni mateke," alisema. Hakuna aliyejua kama hapo palikuwa pa kucheka.

Chai ililetwa. Alikunywa nusu, akakiweka kikombe chini, akazungumza bila kumtazama mtu. "Kuna watu wanavitaka hivi vyumba, wafanye stoo. Nimewaambia hapana, anakaa mama yangu na ndugu yangu. Lakini ngoja niwaulize. Mbwa wa jirani yenu nikipita ananitikisia mkia. Huyu wa kwenu anataka kunila. Mbwa anafundishwa nyumbani. Mnanisema nini nikiwa sipo?"

"Hakuna neno, kaka," fundi alisema. "Wallahi hakuna."

"Tunakuombea tu, shemeji."

"Jumapili ijayo nakuja na mke wangu," kaka mkubwa alisema. "Nataka nipokewe kama mtu wa hapa. Mbwa akinipokea vile tena, nitajua kwamba mimi hapa ni mwenye nyumba tu. Na mwenye nyumba anaangalia biashara yake."

Waliangalia chini wote, kwa kuwa Mwenye Nyumba ndilo jina walilomwita akiwa hayupo. Hawakumsema zaidi ya hapo, haki ya Mungu. Hawakumtukana, hawakumtakia baya. Kumwogopa hawakuhesabu kuwa ni kumsema.

*

Siku ya kwanza fundi alimpiga mbwa. Alichukua kipande cha mkanda wa kiti, ule mpana wa kufumia makochi, akamchapa huku akimwambia, "Ni kaka yangu yule. Kaka yangu." Shukrani aliingia chini ya kochi, akabaki huko mpaka jioni.

"Unampiga kwa ajili ya nani?" Bibi aliuliza.

"Mama, unataka tulale wapi? Barabarani?"

"Nimeuliza tu."

Ni mke wa fundi aliyepata wazo. Alikuwa mwanamke wa mawazo, na kwa mtu asiye na kitu mawazo ni kitu. Kabatini kulikuwa na koti la zamani la kaka mkubwa, alilompa mdogo wake lilipombana. Mbwa hutambua harufu, alisema. Mume wake avae lile koti, atoke getini, aingie kama kaka anavyoingia, na mbwa afundishwe kumpokea. Wakifanya hivyo kila siku, Jumapili itawakuta tayari.

Fundi alivaa koti. Lilimpwaya, akalijaza sponji tumboni, akachomeka vipande vingine mabegani. Kitinda alikuwa honi. Alisimama getini na kulia mara mbili kwa pua. Fundi akaingia akiwa ametanguliza tumbo, akafungua bomba akalifunga, akaingia sebuleni na kugusa balbu. "Hii ina moto. Nani aliyeipa homa?"

Bibi alicheka mpaka akashika ubavu. Mke wa fundi, aliyekuwa ameshika kamba, alicheka mpaka kamba ikamteleza mkononi. Shukrani alimwendea yule mtu wa sponji, akamnusa koti, akatikisa mkia na mwili mzima, akamrukia kifuani na kumlamba kidevu.

"Umemwona?" mke wa fundi alisema. "Ameelewa. Mbwa si mjinga."

Walirudia kesho yake, na kesho yake tena. Ikawa ndiyo burudani ya nyumba. Walisubiri jioni kama wanaosubiri mchezo redioni. Kila siku fundi aliongeza mbwembwe, mara akague masufuria, mara amuulize Kitinda kwa nini anapumua sana na hewa ni ya kununua. Kila siku Shukrani alimpokea kwa furaha zaidi. Ilikuwa wiki njema kuliko zote walizoishi pale, na hakuna aliyejiuliza kwa nini mbwa amwogope mtu ambaye nyumba nzima inamcheka.

Jumamosi Bibi alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kushiba kicheko, "Laiti angekuwa anaingia hivi kweli." Wakaenda kuchota maji.

*

Honi ililia mara mbili, ikakatika.

Pasi ikachomolewa. Redio ikazimwa. Turubai likarushwa. Walikuwa wamekubaliana kwamba mke wa fundi ndiye atakayemshika mbwa, na amshike kwa kulegeza, kama walivyozoea. Alijikumbusha hilo. Legeza, alijiambia, legeza, na vidole vyake vikazidi kujikunja kwenye kamba mpaka vifundo vikapauka. Kaka mkubwa aliingia akiwa na mke wake, mwanamke wa viatu safi ambaye hakupenda kukanyaga uani, na alikuja moja kwa moja kwa mbwa, mikono wazi, amekwisha kuandaa kicheko.

Kamba ilimchana mke wa fundi kiganja. Shukrani aliruka, na suruali ya kaka mkubwa ikapasuka toka gotini hadi chini. Ngozi haikuguswa. Ulionekana mguu mwembamba na soksi iliyotoboka kisigino, na Kitinda, kwa woga tu, akaangua kicheko.

Mbwa alifungwa nguzoni. Mke wa kaka mkubwa alirudi garini. Fundi alisimama mbele ya kaka yake.

"Ivue, kaka. Nikushonee."

Ndivyo ilivyokuwa. Kaka mkubwa alikaa kwenye kiti cha Bibi amejifunga shuka la kitanda, magoti pamoja, na mdogo wake akakaa chini kumshonea suruali kwa ile sindano ya kupinda ya makochi, kwa kuwa nyingine haikuonekana. Alishona kwa uangalifu, mishono midogo midogo, kazi nzuri kuliko ya dukani. Walipokuwa watoto walivaa suruali moja kwa zamu, na wote wawili walilikumbuka hilo, na kila mmoja alingoja mwenzake alitaje.

"Nampeleka kwa mwalimu wa mbwa," kaka mkubwa alisema alipokwisha kuvaa. "Aniambie kama anafaa au hafai."

"Hafai maana yake nini, Baba Mkubwa?" Kitinda aliuliza.

"Nenda ndani," mama yake alisema.

Shukrani alifunguliwa nguzoni akapelekwa garini. Fundi alitegemea vita. Mbwa alipanda mwenyewe kiti cha nyuma, akakaa, akatazama dirishani.

*

Mwalimu wa mbwa alikuwa mstaafu wa jeshi, ana filimbi shingoni na kijiti cha meno mdomoni, na uwanja wake ulikuwa umezungushiwa wavu na kuwekwa matairi ya kurukwa. Alimchukua Shukrani akazunguka naye. Alimgusa masikio, mkia, vidole vya miguu. Akampigia makelele, akamtupia kopo. Kisha akaifungua kamba kabisa na kumwambia kaka mkubwa, "Mwendee."

"Ataniuma."

"Mwendee, mzee."

Kaka mkubwa alimwendea. Shukrani alimnusa ile suruali iliyoshonwa, akalala chini, akaweka kidevu chake juu ya kiatu cha yule aliyemleta uani akiwa mdogo. Kaka mkubwa alichutama polepole na kumwekea mkono kichwani. Mkia ulipiga vumbi. Alikuwa amengoja jambo hilo kwa muda mrefu, na alijikuta akicheka peke yake kama mtoto.

"Pale nyumbani," mwalimu aliuliza, "ukifika, nani huwa amemshika?"

"Yeyote. Mdogo wangu. Shemeji. Mara nyingine mama."

"Wanamshikaje?"

Kaka mkubwa alikumbuka vidole. Hakuwahi kuvifikiria, lakini alipoulizwa vilimjia vyote, vya shemeji yake, vya mdogo wake, vimejikunja, vimepauka.

"Kwa nguvu," alisema.

"Basi. Huyu hana ugomvi na wewe. Wewe hata hakujui. Anamjua aliyeshika kamba. Mkono ukikaza, anasema kuna hatari inakuja. Pumzi ikikatika, anasema imefika. Halafu anatazama mbele aone ni nani." Mwalimu alihamisha kijiti upande wa pili wa mdomo. "Anakuona wewe."

"Sasa dawa yake?"

"Ya huyu? Huyu mzima. Watibu hao wanaomshika." Alicheka, maana alijua amemletea mtu habari njema. "Una bahati, mzee. Wengi wakija hapa nawaambia wakachimbe shimo."

Kaka mkubwa alilipa, akashukuru, akaingia garini, na hakuwasha. Nyuma yake Shukrani alihema kwa utulivu. Alikuwa mtu wa biashara, na mtu wa biashara hujua kupima mzigo kwa kuuinua upande mmoja. Kila alipofika pale kwa miaka yote, kwa sukari yake na vichekesho vyake, kulikuwa na hofu ndani ya nyumba, hofu ya kutosha kuingia kwenye kamba na kumfikia mnyama. Na yeye alidhani wanafurahi.

Kwake nyumbani mbwa alikula mkononi mwake wiki nzima. Mke wake alisimama mlangoni akiangalia.

"Si nilikwambia," alisema. "Unalisha watu wanaokuchukia."

"Hawanichukii."

"Wote?"

Hilo ndilo lililomkaa kichwani. Mdogo mtu, sawa. Ndugu wana yao. Shemeji ni mtoto wa watu. Lakini alikuwepo mmoja pale ambaye kaka mkubwa alikuwa na uhakika naye kama alivyokuwa na uhakika na jina lake, na kwa sababu ya huyo mmoja alitaka kujua, na kutaka kujua huko kulikuwa kosa lake kubwa kuliko yote.

*

Siku ya kumrudisha mbwa hakupiga honi. Aliacha gari mbali, akaingia kwa miguu akimshika Shukrani kwa kamba, akawakuta kama wanavyoishi. Redio ilikuwa juu. Kochi lilikuwa wazi, matumbo nje. Shati lilikuwa chini ya pasi. Mke wa fundi alipogeuka na kumwona, aliiacha pasi palepale na shati likaanza kunuka.

"Shati linaungua, shemeji," kaka mkubwa alisema. "Njooni nje wote. Mtoto abaki."

Walisimama uani kwa mstari, bila kuambiwa wasimame kwa mstari. Shukrani aliwarukia mmoja mmoja akilia kwa furaha. Kaka mkubwa aliwaeleza aliyoyasema mwalimu, kwa sauti ya chini, bila kicheko hata kimoja.

"Maneno nimeyachoka," alimaliza. "Kila mmoja atashika kamba, mimi nitatoka getini nije. Basi."

"Kaka, jambo hili..." fundi alianza.

"Shika."

Fundi alishika. Kaka mkubwa alikwenda hadi getini, akageuka, akaja. Hakufika hata nusu ya uwanja, mbwa akasimamisha nywele na kutoa meno. Fundi aliangalia ukutani.

Mke wa fundi alishika kwa mkono wenye kovu jipya, na ikawa vilevile, ila yeye alilia. "Si mimi, shemeji. Ni mkono tu. Unakaza wenyewe."

"Najua," kaka mkubwa alisema, na hakusema kwa ukali. "Mpe mama."

"Mimi?" Bibi alitabasamu. Alikuwa mwanamke mzee aliyechoka na hakuona haya kuketi wakati wengine wamesimama. "Lete basi. Mmegeuza mbwa kuwa hakimu."

Alizungusha kamba mkononi. Shukrani alikaa, akaegemeza kichwa gotini kwake, akafumba macho. Kaka mkubwa aliona hivyo kutoka getini, na uso wake ukalegea. Alianza kuja. Alitembea taratibu, mikono wazi, na mtu angemwona angesema huyu ni mtoto anajifunza kutembea kwenda kwa mama yake. Mbwa alifumbua macho.

"Tulia," Bibi alisema. "Ni mwanangu huyo."

Shukrani alinyanyuka.

"Shukrani. Ni mwanangu. Ni mwanangu yule." Kadiri alivyosema ndivyo kamba ilivyozidi kuingia kwenye nyama ya kiganja chake, na ndivyo muungurumo ulivyozidi kupanda. Kaka mkubwa hakusimama. Alikuja mpaka kamba ilipofika mwisho wake, mbwa akaning'inia kwayo kwa miguu miwili, povu mdomoni, na mwanamke mzee akavutwa akasogea na kiti chake.

Fundi alimchukua mbwa akamfunga.

"Mama," kaka mkubwa alisema. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea."

"Nimewahi kukunyima?"

"Hujaninyima kitu."

"Sasa mbona unaniogopa?"

Bibi aliangalia alama ya kamba mkononi mwake. Angeweza kusema uongo, na kila mmoja pale, pamoja na kaka mkubwa, alimwomba Mungu aseme uongo.

"Sikuogopi wewe, baba," alisema. "Naogopa siku utakayotuchoka. Nikisikia gari lako nasema, labda ni leo. Ukicheka nasema, bado. Ukiondoka ndipo napumua."

"Mimi nakuja kunywa chai na mama yangu," kaka mkubwa alisema. "Basi. Nagusa balbu kwa sababu sijui niseme nini nikiingia. Nyie mnakuwa kimya, natafuta neno."

Hapo palikuwa na mlango, umefunguliwa kwa muda mfupi, na lilitakiwa neno moja la kuuingilia. Fundi angesema, kaka, kaa, unakumbuka ile suruali yetu. Alikuwa nalo mdomoni. Lakini mtu aliyezoea kuomba ana maneno yake, na hutoka yenyewe.

"Kaka, tutamfunga," fundi alisema. "Tutamtoa kabisa huyu mbwa. Redio sitawasha, makochi nitashonea kwingine. Sema utakavyo, tutafanya."

Kaka mkubwa alijipukuta vumbi kwenye ile suruali.

"Naona," alisema. "Mama, hiyo siku unayoingoja, pumzika sasa. Ni leo."

*

Chumba alichokipata fundi kilikuwa kimoja, mbali, kwenye nyumba ya wapangaji wengi, na masharti yake yalikuwa hakuna kugonga misumari na hakuna mnyama. Bibi alitaka kwenda naye. Alikwenda kukiona, akakaa kitandani, akasema mwenyewe, "Humu hata mguu wangu hautanyooka." Kaka mkubwa alituma neno kwamba atamchukua mama.

Asubuhi ya kuhama redio ililia kwa sauti yote. Taa ya sebuleni iliwaka tangu alfajiri na hakuna aliyejishughulisha kuizima. Mke wa fundi alipiga pasi nguo zote, hata mapazia, akazikunja kwenye sanduku zikiwa na moto. Fundi alifunga magodoro. Mteja mwenye lile kochi alikuja kulichukua likiwa bado halina mgongo, akatukana, akaondoka nalo. Vijana wa stoo walikwisha kuleta magunia yao na kuyapanga ukutani.

Honi ililia mara mbili. Hakuna aliyenyanyua kichwa.

Shukrani alikuwa huru, hakuna aliyemkumbuka. Alikwenda getini kwa mwendo wake wa kawaida. Kaka mkubwa alishuka garini, akamwona anakuja, akaganda. Mbwa alimnusa viatu, akatikisa mkia, akamlamba mkono, nje na ndani, kama anayeusafisha. Kaka mkubwa alisimama hivyo kwa muda, mkono umenyooka. Aliinua macho kutafuta mtu wa kumwonyesha. Mke wa fundi alipita na ndoo. Kitinda alipita na viatu mikononi.

"Hamjambo," kaka mkubwa alisema.

"Hatujambo," walisema. Hakuna aliyemkaribisha, hakuna aliyetetemeka, hakuna aliyemtaka kitu. Ile amani aliyoitafuta humo miaka yote ilikuwa imejaa uwanja mzima, nayo haikuwa na nafasi kwa ajili yake.

Bibi alipandishwa garini. Fundi alikuja na kamba, akamfunga Shukrani, akaweka ncha yake mkononi mwa kaka yake.

"Mbwa ni wako. Wewe ndiye uliyemleta."

"Unaweza kumwacha kwa jirani, ukawa unakuja kumwona," kaka mkubwa alisema haraka. "Au mje kwangu, mumwone huko. Jumapili. Mtoto atapenda. Mje, mdogo wangu."

"Tutaona, kaka," fundi alisema kwa upole, akarudi ndani.

Kaka mkubwa alibaki amesimama kando ya gari. Alisubiri. Fundi alitoka tena akiwa amebeba mto, mto aliomshonea mama yake kwa mabaki ya sponji, wa kuegemeza mgongo. Alitembea kuelekea gari, hana haraka, macho kwa mama yake. Kaka mkubwa alimwona anakaribia, akajua kwamba akishautoa huo mto hatakuwa na sababu nyingine ya kurudi, wala leo wala Jumapili, na pumzi ikamkwama.

Nywele za mgongo wa Shukrani zilisimama.

Fundi alidhani ni mchezo. Alimwita kwa jina, akapiga hatua nyingine, na yule mbwa aliyelala miguuni pake tangu alipokuwa mdogo wa kubebwa kwenye kofia akamtolea meno. Kitinda, mlangoni, aliangusha viatu.

Kaka mkubwa alitazama chini, akaona vidole vyake mwenyewe. Alijaribu kuvilegeza. Aliinama kwenye sikio la mbwa. "Tulia," alinong'ona. "Tulia, usituaibishe." Muungurumo ukazidi.

Bibi alikuwa ametoa mkono dirishani, nao haukufika. Fundi aliuweka mto chini, pale alipoishia kusogea, akarudi kufunga magodoro.